WINGI SI UBORA: MAPIGANO MSETO YA RUNINGA NA WAJIBU WETU

Utangulizi

Huenda baadhi ya wasomaji wa jarida hili wakashangaa kukuta humu makala yanayozungumzia ngumi, mateke na kabali. Kurasa hizi zimezoea mijadala ya arudhi na ushairi huru, uhakiki wa riwaya mpya, na malalamiko yetu ya kila mwaka kuhusu sera ya lugha. Hata hivyo, fasihi tuisomayo haikuanzia vitabuni. Ilianzia uwanjani, mbele ya hadhira iliyomzunguka fanani ikimshangilia au kumzomea. Watu wa Lamu wanao mchezo wa kirumbizi, ambamo wawili huingia duarani na fimbo zao, ngoma ikilia, wakarushiana mapigo na kuyapangua, nao watazamaji wakatoa hukumu yao papo hapo. Anayetaka kuelewa uhusiano wa mtendaji na hadhira yake hana sababu ya kuyapa mapigano kisogo.

Mchezo ninaoukusudia ni ule ujulikanao ulimwenguni kwa herufi MMA. Nitauita mapigano mseto, maana ni mseto kweli kweli: humo mna ndondi, mateke ya Kithai, mieleka, judo na jujitsu ya Kibrazili. Shirika linaloutawala ni UFC la Marekani. Hapa kwetu mapambano yake makubwa huonekana alfajiri ya Jumapili kwa ving'amuzi vya kulipia, wakati Las Vegas ingali Jumamosi usiku, na vijana wengi hukesha kuyangoja.

Dai langu ni hili. Ubora wa mapigano mseto yanayoonyeshwa katika runinga umedidimia, na lawama haiwaendei wapiganaji. Wapiganaji wa leo wana ujuzi mpana kuliko wale wa miaka ya tisini. Tatizo lina mizizi mitatu: runinga inayodai saa nyingi za kujazwa, malipo yanayomfunza mpiganaji kuogopa kushindwa kuliko kupenda kupigana vyema, na jicho la mtazamaji lililozoeshwa kipimo duni. Mizizi miwili ya kwanza iko Marekani na hatuna panga la kuifikia. Wa tatu uko kwetu, na ndio ulionisukuma kuandika.

Ubora ni nini?

Kabla ya kulia kuwa ubora umepungua, sharti tukubaliane ubora wenyewe ni kitu gani. Bahati nzuri, mchezo huu umetupa mfano ambao mwalimu wa uhakiki angeutamani: mapambano mawili ya ubingwa, usiku mmoja, ulingo mmoja, mbele ya watazamaji wale wale. Ilikuwa tarehe 7 Machi 2020, Las Vegas, katika UFC 248.

Pambano la kwanza kati ya hayo mawili lilikuwa la Zhang Weili wa Uchina na Joanna Jędrzejczyk wa Poland. Kwa raundi tano za dakika tano tano, wanawake hawa walijibizana bila kusita. Kila mmoja alipopata hila mpya, mwenzake aliisoma, akaitafutia jawabu na kurudi nalo katika raundi iliyofuata. Mapigo ya maana waliyofikishiana yalipita 300. Uso wa Jędrzejczyk ulivimba kipaji kizima, lakini hakurudi nyuma. Majaji waligawanyika, ushindi ukamwendea Zhang. Jambo la kuzingatia ni kwamba kwa hesabu tupu ya mapigo, aliyeshindwa ndiye aliyefikisha mengi zaidi.

Mara baada yao waliingia Israel Adesanya, mzaliwa wa Nigeria anayeishi New Zealand, na Yoel Romero wa Kuba. Wote wawili ni mafundi wa kuogofya. Romero alikuwa na nishani ya fedha ya mieleka ya Olimpiki ya 2000. Lakini walisimama wakatazamana. Romero aliinua mikono usoni akangoja. Adesanya naye, akijua kinachojificha nyuma ya ile mikono, akangoja vilevile. Katika dakika 25 mapigo ya maana ya wawili hao kwa jumla hayakufika mia moja. Umati ulizomea. Adesanya alihifadhi mkanda wake, na hakuna aliyekwenda nyumbani akisimulia pambano hilo.

Tukiyaweka mawili hayo sambamba, tunaona kwamba ubora haumo katika sifa za mpiganaji mmoja mmoja. Adesanya na Romero walikuwa na majina makubwa kuliko wanawake wale. Ubora haumo katika damu pia, wala katika idadi ya ngumi, maana idadi hiyo ilimsaliti Jędrzejczyk mwenyewe. Ubora umo katika majibizano. Wanafunzi wa ushairi wa Mombasa ya Muyaka wanalijua jambo hili vizuri: beti za malumbano zina uzito kwa sababu upande wa pili upo, unasikia, na utajibu. Shairi la kejeli lisilojibiwa ni tusi tu. Pambano ambalo mmoja hamjibu mwenzake, ama kwa hofu ama kwa udhaifu, ni mazoezi yaliyowekewa taa na kamera.

Kwa hivyo nitatumia kipimo cha mambo matatu. Kwanza, je, wapinzani wanalingana kiasi cha kulazimishana kubuni? Pili, je, kuna hatari ya kweli inayokubaliwa na pande zote mbili? Tatu, je, pambano lina mwendo, yaani raundi ya tatu inategemea yaliyotendeka katika ya pili, kama sura ya riwaya inavyoitegemea ile iliyotangulia?

Runinga iliuumba mchezo huu

Ni kosa kudhani kwamba kulikuwa na mchezo safi kisha runinga ikaja kuuharibu. Mapigano mseto ya kisasa ni mtoto wa runinga. UFC ya kwanza ilifanyika Denver, Colorado, tarehe 12 Novemba 1993, nayo ilibuniwa iuzwe kwa watazamaji wa nyumbani waliolipia usiku ule mmoja. Hakukuwa na mipaka ya uzito. Mwanandondi mmoja, Art Jimmerson, aliingia akiwa amevaa glavu mkono mmoja tu. Aliyeshinda ni Royce Gracie, kijana mwembamba wa Brazili mwenye uzito wa takriban kilo 80, aliyewakaba wakubwa kuliko yeye mpaka wakasalimu amri.

Kwa vigezo vya ufundi, usiku ule ulikuwa duni. Wengi wa washiriki walijua sanaa moja tu. Lakini ulikuwa na kitu ambacho mapambano mengi ya leo hayana: ulikuwa na swali. Je, mwanandondi akikutana na mwanajujitsu, nani atashinda? Hakuna aliyekuwa na hakika ya jibu, na kila pambano lilisukuma kisa mbele. Taharuki ilikuwa ya asili.

Punde runinga ilianza kudai ada yake. Desemba 1994, katika UFC 4, Gracie alipambana na Dan Severn, mwanamieleka aliyemzidi uzito mno. Kwa zaidi ya dakika 15 Gracie alilala chini ya mtu yule akivumilia, hatimaye akamnasa kwa miguu yake na kumkaba. Ni mojawapo ya miisho mitamu katika historia ya mchezo huu, lakini watazamaji wengi wa nyumbani hawakuiona. Muda uliokodiwa ulikuwa umekwisha, na picha ikakatika. Aprili 1995, Gracie na Ken Shamrock walikumbatiana sakafuni kwa dakika 36 na wakatoka sare. Ni katika shindano hilo ndipo ukomo wa muda ulipowekwa, ili onyesho lisipite tena saa zake. Basi umbo la pambano lilikatwa kwa mkasi wa ratiba, kama vile safu ya gazeti inavyomlazimisha mshairi kukomea ubeti wa saba hata kama hoja yake haijaiva.

Sikatai kwamba mengine yaliyoletwa yalikuwa ya heri. Seneta John McCain aliufananisha mchezo huu na kuwapiganisha majogoo, akaupiga vita, na kufikia 1997 kampuni kubwa za runinga ya kebo nchini Marekani zilikuwa zimeuondoa hewani. Fedheha hiyo ndiyo iliyozaa nidhamu. Kanuni za pamoja zilizoundwa New Jersey mwaka 2000 na 2001 zilileta raundi za dakika tano, tatu kwa kawaida na tano kwa ubingwa, mipaka ya uzito, glavu, orodha ndefu ya makosa, na majaji watatu. Bila kanuni hizo pambano la Zhang na Jędrzejczyk lisingewezekana. Fani yenye mipaka huzaa ubunifu. Wanaofuata arudhi hawahitaji kuambiwa hivyo.

Ila kanuni ni jambo moja na tamaa ya mrushaji matangazo ni jambo lingine. Tarehe 12 Novemba 2011 UFC ilionekana kwa mara ya kwanza katika runinga ya Fox, ambayo Mmarekani yeyote angeweza kuitazama bila malipo ya ziada. Kipindi kizima kilijengwa juu ya pambano moja la uzito wa juu, Cain Velasquez dhidi ya Junior dos Santos. Lilimalizika kwa sekunde 64. Usiku huo huo Benson Henderson na Clay Guida walikuwa wamepigana raundi tatu za kasi na ujanja, pambano lililotuzwa kuwa bora la usiku. Hilo Fox haikulionyesha. Runinga ilikuwa na lulu mkononi, ikachagua kuonyesha kijaluba.

Mafuriko ya mapambano

Mwaka 2005 UFC iliandaa maonyesho 10. Mwaka 2014 iliandaa 46. Tangu hapo, isipokuwa kwa tofauti ndogo ndogo, imeendelea kuandaa takriban 40 kwa mwaka. Mkataba wake na ESPN ulioanza 2019 ulihitaji maonyesho mengi, na ule wa Paramount uliotangazwa Agosti 2025, wa miaka saba kuanzia 2026 kwa dola bilioni 7.7, unataka maonyesho 43 kila mwaka: makubwa 13 na ya kawaida 30. Tukikadiria mapambano 12 kwa kila onyesho, hayo ni mapambano zaidi ya 500 kwa mwaka mmoja.

Msomaji na ajiulize: ni mhariri gani anayeweza kuchapisha hadithi fupi 500 kwa mwaka na zote zikawa na thamani? Wapinzani wanaolingana ni wachache katika kila uzito. Wakikutanishwa leo hawawezi kukutanishwa tena wiki mbili zijazo, maana mwili una haki yake. Pengo lililobaki hujazwa na wanaoitwa kwa taarifa ya siku chache, wenye ujuzi nusu, au wazee waliopita wakati wao. Tangu 2017 kuna kipindi maalumu kinachowasaka wapiganaji wachanga na kuwapa mikataba upesi. Baadhi yao wamekuwa nyota. Wengine huingia ulingoni mbichi, wakapigwa mara mbili tatu na kusahauliwa.

Mazingira nayo yamebadilika. Ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja mwaka 2020, UFC ilihamia katika jumba lake dogo la Apex, Las Vegas. Ulikuwa uamuzi wa busara kwa wakati ule. Lakini hata baada ya marufuku kuondolewa maonyesho mengi yaliendelea kufanyika humo, mbele ya watu wachache, kwa kuwa gharama ni ndogo na kamera ziko tayari. Ni kweli kwamba ukimya wa jumba hilo una faida yake: unasikia kishindo cha teke na maagizo ya makocha. Lakini mapigano bila umati ni kama ngano bila kiitikio. Mpiganaji huchochewa na hadhira, naye mtazamaji wa mbali huupima uzito wa tendo kwa kilio cha waliopo. Linganisha na usiku wa Oktoba 2019 mjini Melbourne, Adesanya alipotwaa mkanda mbele ya watu zaidi ya 57,000. Hata asiyejua kanuni moja ya mchezo angefahamu kwamba jambo kubwa limetokea.

Anayepigana hulipwa kwa nini?

Wapo wanaowalaumu wapiganaji: eti wamekuwa waoga, wanapigania pointi. Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mkataba wa kawaida humlipa mpiganaji fungu moja kwa kuingia ulingoni na fungu lingine, aghalabu linalolingana na la kwanza, kwa kushinda. Anayeshindwa hupoteza nusu ya kipato chake, na akishindwa mara kadhaa huachishwa. Ni kweli ipo zawadi kwa pambano bora, ambayo kwa kawaida ilikuwa dola 50,000 kwa miaka mingi hadi 2025. Hiyo ni bahati nasibu ya wachache. Mwenye watoto na kodi ya nyumba atachagua njia salama.

Nyaraka zilizofichuliwa katika kesi iliyofunguliwa na wapiganaji mwaka 2014 zilionyesha kwamba fungu lao lilikuwa karibu asilimia 20 ya mapato au pungufu, ilhali wachezaji wa mpira wa vikapu wa NBA hupata karibu nusu. Mwaka 2024 jaji alikataa suluhu ya dola milioni 335 akiiona haitoshi, na baadaye ikakubaliwa ya dola milioni 375. Fedha zimelipwa, lakini mfumo umesalia. Anayeshangaa kwa nini pambano fulani halikuwa na moto na aangalie kwanza ni nani aliyeuza kuni.

Kuna pia hofu, ambayo si dhambi. Julai 2018 Francis Ngannou wa Kameruni alikutana na Derrick Lewis, na dunia ikangoja ngurumo. Katika dakika 15 mapigo ya maana ya wote wawili yalikuwa 31 tu. Ngannou mwenyewe alikiri kwamba alibeba hofu ya pambano lake lililotangulia, aliposhindwa na Stipe Miocic. Mashabiki walimdhihaki. Miaka mitatu baadaye, Machi 2021, alimwangusha Miocic huyo huyo na kuwa bingwa wa uzito wa juu. Lile pambano baya lilikuwa sura ya kati katika kisa kirefu, na mtazamaji aliyezima runinga kwa hasira alikosa kuelewa mwisho wake.

Tusisahau kwamba hatari ya mapigano ni ya kweli. Kenya inajua. Robert Wangila, aliyetuletea dhahabu ya ndondi kutoka Seoul mwaka 1988, alifariki dunia Julai 1994 kutokana na majeraha ya pambano huko Las Vegas, mji ule ule ambao leo ni makao ya mapigano mseto. Mtazamaji anapopiga kelele kwamba anataka damu zaidi, anadai kitu ambacho hatakilipia yeye. Kuwakutanisha wasiolingana ili tu saa za runinga zijae ni hatari kwa mwili kabla ya kuwa kosa la sanaa. Hapo ndipo suala la ubora linapokuwa suala la utu.

Je, anayechoka ndiye aliyeona?

Kuna pingamizi nzito ambayo sina budi kuikabili. Huenda ubora haujashuka. Huenda ni sisi tusiojua kutazama. Agosti 2025, mjini Chicago, Khamzat Chimaev alimvua mkanda Dricus du Plessis wa Afrika Kusini. Katika dakika 25 alimdhibiti sakafuni kwa zaidi ya dakika 21. Wengi walilalamika kwamba walitazama mtu akimlalia mwenzake. Wajuzi wa mieleka walisema waliona ustadi adimu: jinsi uzito ulivyohamishwa kutoka nyonga hadi bega, jinsi kila jaribio la kuinuka lilivyozimwa kabla halijaanza.

Nakubaliana na wajuzi kwa nusu. Kwa kipimo nilichotoa, pambano lile lilipungukiwa na majibizano, kwa kuwa du Plessis hakupata jawabu hadi mwisho. Lakini ufundi ulikuwapo, na ulihitaji jicho lililofunzwa. Utendi wa Fumo Liyongo hautuvutii kwa nguvu zake tu. Akiwa kifungoni nguvu peke yake hazimtoi. Anatoka kwa hila, kwa msaada wa kijakazi Saada, na kwa ngoma inayofunika sauti ya tupa ikikata pingu. Msomaji anayesubiri mikuki pekee ataipita sehemu tamu kuliko zote akidhani hakuna kinachotokea. Mieleka ya sakafuni iko hivyo. Kilicho kimya huenda ndicho chenye kisa.

Hoja hiyo basi haibomoi dai langu, bali inalikamilisha. Shirika likijua kwamba watazamaji wengi hawasomi chochote isipokuwa nokauti, litawapa nokauti, na njia rahisi ya kuzipata ni kuwakutanisha wasiolingana. Mtazamaji asiyejua kutazama hujenga soko la mapambano mabaya, kisha akalalamika kwamba mapambano ni mabaya. Mla mbegu huvuna nini?

Lugha na jicho

Nani basi atalifunza jicho la mtazamaji wetu? Kazi hiyo ni ya mtangazaji, na mtangazaji tunayemsikia alfajiri ile hazungumzi Kiswahili. Anasema kwa kasi, kwa istilahi za Kiingereza, Kijapani na Kireno, na analipwa na shirika lile lile ambalo pambano lake anapaswa kulipima. Haelekei kutuambia kwamba pambano ni baya. Matokeo ni kwamba kijana wa Kisauni au Eastleigh hutazama mikono ikijifunga shingoni asijue kama ni hatari au mapumziko, mpaka refa aingie kati.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina maneno ya mchezo huu. Nawaomba wafungue kamusi na masikio. Tunayo mieleka, na mtu kupigwa mweleka. Tunao mtama, na ngwara, za kumtegea mtu mguu akaanguka. Tunayo kabali, na tunayo roba, ambazo watoto wa mitaani wanazijua kabla ya kujua kusoma. Tunayo konde, kumbo, kikumbo, kiwiko, teke. Tunavyo vitenzi kupangua, kukwepa, kuhepa, kunasa, kubwaga, kusalimu amri. Kinachokosekana ni mpangilio: nani atatenganisha kabali ya mbele na ya nyuma, nani atatoa jina moja la mkao wa kumkalia mtu kifuani na lingine la kumdhibiti kwa ubavu? Hiyo ni kazi ya istilahi, na hakuna Idara ya Kiswahili isiyofunza somo hilo.

Wala hatuanzi ugenini. Redio ya Kiswahili ililea utangazaji wa kandanda uliokuwa sanaa kamili. Leonard Mambo Mbotela, aliyetuaga Februari 2025, aliwafanya wasikilizaji wa vijijini wauone mpira ambao hawakuutazama. Na ni yeye huyo aliyeuliza kila wiki katika kipindi chake, "Je, huu ni ungwana?" Mtangazaji wa mapigano anahitaji vipawa vyote viwili: kuonyesha kinachotendeka, na kuuliza kama kilipaswa kutendeka.

Jambo hili lina haraka. Ligi ya PFL ilianzisha tawi lake la Afrika mwaka 2025, na onyesho la kwanza likafanyika Cape Town mwezi Julai. Oktoba mwaka huo ilifika Kigali, jirani yetu, katika mji ambao Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi. Mapigano mseto ya runinga yanabisha hodi Afrika Mashariki. Swali ni kama tutayapokea pamoja na kipimo chake cha kigeni, cha wingi na damu, au tutakuwa na cha kwetu.

Napendekeza mambo machache. Kwanza, chama chetu kiunde kikundi cha wanafunzi kitakachoandaa faharasa fupi ya istilahi za mapigano, kwa kuwahoji walimu wa karate, judo, ndondi na mieleka wa mijini mwetu. Walimu hao wanayo maneno ambayo kamusi haijayasikia. Pili, wahadhiri wetu wa fasihi simulizi waruhusu tasnifu na insha juu ya utangazaji wa michezo, kwa kuwa huo ni utendaji hai wenye fanani, hadhira na fomula zake. Tatu, vituo vya redio vya vyuo vijaribu kuandaa uchambuzi wa Kiswahili baada ya mapambano makubwa, mfupi na wa kweli, unaosema zuri ni zuri na bovu ni bovu. Nne, waandaaji wa mashindano ya hapa kwetu wapunguze idadi ya mapambano kwa usiku mmoja, walinganishe wapinzani, na wamlipe aliyeshindwa kwa haki. Mapambano sita ya maana yanamshibisha mtazamaji kuliko kumi na mawili ya kusukumana.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba ubora wa pambano ni majibizano ya wanaolingana, yenye hatari ya kweli na mwendo unaofuatika. Runinga iliyoleta mchezo huu duniani ndiyo pia inayoufuja kwa kuuzidishia saa na kuwapunja wanaoubeba. Kenya haina sauti katika mikataba ya mabilioni inayotiwa sahihi Marekani, lakini hakuna mkataba unaotuamuru tutazame vipi. Mshairi mbaya hasitawi palipo na wasikilizaji wakali, na hali kadhalika pambano bovu halitauzwa mara mbili kwa watu wanaoweza kulitaja bovu kwa lugha yao wenyewe na wakaeleza kwa nini.

Wanafunzi wenzangu, maneno ya kazi hiyo yako mikononi mwetu. Kabali inapokazwa alfajiri ya Jumapili ijayo, mwenzako akakuuliza kinachotendeka pale, mjibu kwa Kiswahili.